Siku 28 za Mwanzo: Hatari za Kiafya na Kijamii Zinazomkabili Mtoto Mchanga

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maofisa ustawi wa jamii



1. Utangulizi

Mada hii inamhusu mtoto tangu anapozaliwa hadi anapotimiza siku 28. Hakuna kipindi kingine cha utoto ambacho kifo kinakuwa karibu kiasi hiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watoto wachanga milioni 2.3 walifariki duniani, na takriban robo tatu yao hawakumaliza wiki ya kwanza.

Tuangalie hapa kwetu Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ni asilimia 81. Katika muda huohuo vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini vifo vya watoto wachanga vilitoka 25 vikafika 24 tu, wakati lengo la dunia ifikapo 2030 ni visizidi 12. Leo zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka 5 wanafariki wakiwa wachanga.

Hoja yangu ni hii: mama tumefanikiwa kumfikisha kituoni, lakini mtoto wake tunaagana naye mlangoni. Akishafika nyumbani, maisha yake yanakuwa mikononi mwa bibi, baba na majirani, watu ambao ni nadra sana kuwaita tunapotoa mafunzo.

2. Hatari za kiafya

Wauaji wakubwa ni watatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizi.

Mtoto asiyelia anapozaliwa ana dakika moja ya kuokolewa. Mkunga amkaushe, amsugue mgongo, na asipopumua amsaidie hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha. Utafiti uliofanyika katika hospitali 8 nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kuwafundisha wakunga hatua hizi kulipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hana mafuta ya kutosha mwilini. Hupoa upesi, hunyonya kwa shida na huchoka haraka. Huduma ya kangaroo, iliyoanzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, humweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefungwa vizuri kwa kanga. Matokeo ya utafiti wa pamoja wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kuwa kuianza mara tu mtoto anapozaliwa, bila kusubiri kwanza hali yake itulie, kunapunguza vifo kwa robo. Mama akichoka, kifua cha baba au cha shangazi kinafaa vilevile.

Maambukizi mengi huingia kupitia kitovu. Kidonda hiki kinahitaji kuachwa kikavu na kisafi, lakini kwetu hupakwa majivu, mafuta, mate, hata kinyesi cha ng'ombe, ili kianguke mapema. Haraka hiyo ina sababu. Familia nyingi zinaamini kuwa kitovu kikiangukia sehemu za siri za mtoto wa kiume, atakuwa hanithi. Mhudumu anayesema tu "msipake kitu" bila kuigusa hofu hiyo hataeleweka. Awaeleze kwamba kitovu hakina uwezo huo, kisha awaonyeshe jinsi ya kukunja nepi chini ya kitovu ili kipate hewa.

3. Saa zinazopotea nyumbani

Chukulia mfano wa mama aliyeruhusiwa kutoka kituoni siku moja baada ya kujifungua. Siku ya nne, asubuhi, mtoto anakataa titi. Bibi anasema ni mchango, anachemsha dawa ya majani. Mchana mtoto amelegea, hata kulia halii. Jirani anasema utosi umebonyea, aitwe mtaalamu wa kienyeji. Jioni mama anataka kurudi kituoni, ila mumewe yuko safarini na simu yake haipatikani, na mkwe anakumbusha kuwa mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Usiku mtoto anaanza kupumua kwa kasi, kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi. Bodaboda inapopatikana, ni alfajiri.

Katika nyumba hii hakuna aliyemtakia mtoto mabaya. Kila mmoja alifanya alilolijua. Arobaini yenyewe ina hekima yake: inampumzisha mzazi na kumkinga mtoto na msongamano wa watu. Inachohitaji ni ruhusa moja ya wazi, kwamba safari ya kituoni haivunji arobaini.

Dalili za hatari zifahamike kwa kila mtu mzima ndani ya nyumba: mtoto kushindwa kunyonya, degedege, kulegea, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea, mwili kuwa wa moto au wa baridi, viganja na nyayo kuwa vya manjano, na kitovu kutoa usaha. Hata moja inatosha kumpeleka kituoni saa hiyohiyo.

4. Hatari za kijamii

Mtoto hurithi hali ya mama yake. Binti aliyekataliwa na aliyempa mimba na kufukuzwa nyumbani hujificha, hachelewi tu kliniki bali huikosa kabisa. Wapo wanaojifungua peke yao gizani, na kila mara tunaposikia mtoto ameokotwa jalalani au chooni, tunakimbilia kumlaani mama. Sheria ichukue mkondo wake, lakini tujiulize pia nani alijua kuwa ana mimba na akanyamaza. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, na bado wazazi wengi hawalijui hilo.

Sonona baada ya kujifungua nayo huitwa uvivu au jeuri. Mama anayelia kila siku na asiyetaka kumshika mwanawe ni mgonjwa, na mtoto wake yuko hatarini. Vilevile mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, kichwa kikubwa au ualbino huweza kumfanya mama aachwe na mumewe na mtoto afichwe ndani asipate tiba.

Kuna hatua njema. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe likizo. Lakini mama lishe na mkulima hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Wao wanategemea jamii.

5. Mapendekezo

(i) Mafunzo ya dalili za hatari yatolewe kwa bibi, mkwe na baba kabla mama hajajifungua, na baba akubali mapema kuwa mama anaweza kuondoka bila kumsubiri.

(ii) Mhudumu wa jamii amtembelee mzazi nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Amfunue mtoto, atazame kitovu, ahesabu pumzi kwa dakika nzima na amwone akinyonya.

(iii) Kila kaya yenye mjamzito ifahamu namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, inayopigwa bure.

(iv) Maimamu, wachungaji na makungwi watangaze kuwa arobaini haimzuii mzazi kwenda kituoni.

(v) Ofisa ustawi wa jamii apewe mapema taarifa za mabinti wajawazito walio peke yao, ili awafikie kabla ya uchungu.

6. Hitimisho

Ndugu washiriki, mengi niliyoyataja hayangoji bajeti mpya. Yanangoja sisi tubishe hodi. Nawaomba kila mmoja wenu, kabla wiki ijayo haijaisha, aitembelee nyumba moja yenye mtoto mchanga katika mtaa au kijiji chake, na akifika asiongee na mama peke yake. Aketi na bibi na baba pia, kwa sababu wao ndio watakaoamua usiku ule mtoto atakapokataa titi.