Kisu cha Kukunja kwa Mwenye Fedha Chache

Maneno yetu ya leo ni juu ya kitu kidogo kikaacho mfukoni, nacho ni kisu cha kukunja. Twasema hasa nanyi mlioko Mwanza, Sengerema, Ukerewe na kando zote za Ziwa Viktoria, wavuvi, wakulima na mafundi, ambao kila siku mna kamba ya kukata au gunia la kufungua, na fedha mliyo nayo yatosha kisu kimoja tu.

Kisu kibaya hakimpotezei mtu fedha peke yake. Aghalabu hujikunja wakati wa kazi, na makali yakaangukia vidole. Mshipa wa kidole ukikatika, mvuvi hawezi kuvuta nyavu kwa miezi mingi, na pengine kidole hakikunjiki tena. Tena usiku, kamba ya wavu imshikapo mtu mguu naye yu karibu kuvutwa majini, hana nafasi ya kuhangaika na kisu kisichofunguka.

Basi ufikapo dukani, au mbele ya mchuuzi pale Mwaloni, Kirumba, usitazame kwanza mng'ao. Tazama kiungo, yaani pale bapa linapoungana na mpini kwa ribiti. Fungua kisu, shika bapa kwa vidole viwili upande wa mgongo wake, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza leo lingali jipya, litacheza zaidi baada ya mwezi. Kisha ukunje, ukatazame kama bapa limelala katikati ya mpini. Likigusa ubavu mmoja, makali yatalika hapo kila ukunjapo.

Baada ya hayo jaribu kizuizi, kile kinacholishika bapa lisirudi. Weka vidole mbali na njia ya makali, ukaubonyeze mgongo wa bapa juu ya meza, polepole kwanza, kisha kwa nguvu kidogo. Kikiachia, mrudishie mwenyewe, hata kama bei yake ni ya kupendeza. Viko visu vizuri visivyo na kizuizi, vyenye kamani tu, navyo vyafaa kumenya matunda na kukata uzi. Lakini kwa kazi ya kuchoma au kusukuma, sisi hatuvishauri.

Kuna visu viwili vya bei ya kadiri tuwezavyo kuvitaja. Kile kiitwacho Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na Mwanza wakati ule ilikuwa katika mojawapo. Siku hizi hutengenezwa Afrika ya Kusini. Kile chenye pete mgongoni hulia ta-ta-ta kikifunguliwa, na hakikunjiki mpaka pete ivutwe. Kingine ni Opinel cha Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890 katika milima ya Savoie. Tangu mwaka 1955 kina pete ya chuma shingoni, izungushwayo ili kulifunga bapa. Mpini wake ni wa mti, nao ukilowa sana huvimba na kulibana bapa lisifunguke. Kwa hiyo twakisifu kwa mkulima na seremala, si kwa mtu ashindaye ndani ya mtumbwi.

Ama vile vyenye bapa, mkasi, msumeno, kijiko na taa, kwa bei ya sahani moja ya wali, viacheni. Fedha iliyogawanywa katika vitu vitano haikununua hata kimoja kilicho kizuri.

Sasa habari ya pua. Pua ya kaboni hushika kutu, lakini hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida, na bei yake ni nafuu. Wala si kitu kigeni kando ya ziwa hili: mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza kwamba wahunzi wa upande wa magharibi, katika nchi ya Buhaya, waliyeyusha pua ya namna hiyo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Pua isiyoshika kutu ni njema pia ikiwa ya aina nzuri; ila katika visu rahisi sana mara nyingi huwa laini, na neno lililochorwa ubavuni halikuambii ni aina gani. Maji ya ziwa letu ni matamu, hayali chuma kama maji ya bahari ya Tanga au Unguja. Mwenye kukausha kisu chake jioni hana haja ya kuogopa kaboni. Mwenye kushika samaki wa chumvi kutwa, na achague isiyoshika kutu.

Na kwa kupasua sato na sangara, tunawasihi msitumie kisu cha kukunja hata kidogo. Magamba na utelezi huingia kiungoni, huoza humo, na kizuizi hukwama nusu njia. Kazi hiyo ni ya kisu cha mpini mmoja kisichokunjika, nacho hupatikana kwa bei ndogo zaidi.

Kisu chenu kikiingia mchanga, kisukutueni kwa maji safi kikiwa wazi, kikaushwe, kisha tone moja la mafuta ya kula litiwe kwenye ribiti. Na mwenye kuingia ziwani akifunge kwa uzi mrefu kiunoni, maana kisu kikianguka huzama mara moja.