Kabla Malori Hayajasimama Kasumulu

Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, unga, ndizi na tangawizi kutoka nje. Aprili, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Tanzania, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Siku chache baadaye zuio hilo la Tanzania likaondolewa, mazungumzo yakaanza.

Mchele wa Kyela, wilaya ya Tanzania yenye mpaka wa Kasumulu, una wateja Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, kwa Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa ndoa. Ndiyo maana mkulima wa Kyela anaweza kumuunga mkono waziri anayelinda heshima ya nchi, na papo hapo akakasirika kwamba gunia lake limelala. Asiitwe kigeugeu, anapiga hesabu ya shamba lake. Wanigeria nao walibishana hivyo, serikali yao ilipofunga mipaka ya nchi kavu mwaka 2019 hadi Desemba 2020, magendo ya mchele yakiwa sababu kubwa.

Hesabu hiyo ina mahali pa kusikika: sheria ya Tanzania inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Wizara itume watu wakasikilize pale, na mbunge awepo, kabla ya amri nyingine kuandikwa Dodoma.