Apareyi ya picha yenye zumu: gani inafaa kwa mtu anayeanza

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwezi, hapa Beni. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Kamati iliniomba niseme kidogo juu ya apareyi za picha, sababu vijana wanne wameleta ombi la mkopo kwenye sanduku letu. Wote wanne ni watu waliorudia. Wawili walikuwa ng'ambo ya Semliki, Uganda, tangu vita vya Kamango vya mwezi wa saba 2013, wakapita Bubukwanga, kisha Kyangwali. Wengine wawili walikimbia Eringeti wakakaa Butembo kwa ndugu. Sasa wanataka kazi ya foto. Mimi niko nafanya ile kazi tangu zamani za filimu, kwa hiyo nimesoma maombi yao moja kwa moja. Yote yanasema kitu kimoja: "apareyi ya zumu kubwa". Mmoja ameandika zumu 60, mwingine ameandika 125.

Sanduku linaweza kutoa mpaka dola 150 kwa mutu. Ile franga ni ya mama anayeuza sombe na ya baba aliyeuza kakao yake ya kwanza nyuma ya kurudia kwenye shamba. Ikinunua kitu kibaya, hakuna wa kuirudisha. Njo maana nitasema pole pole.

Tuanze na lile neno zumu. Lensi inaanza kwa kuona pana, kisha inavuta kilicho mbali. Apareyi inayoitwa Nikon Coolpix B500, iliyotoka 2016, inaenda toka milimita 22.5 mpaka milimita 900. Gawa 900 kwa 22.5, unapata 40. Basi wanaandika 40x kwenye boksi. Ni hesabu ya kugawa tu, haisemi picha itakuwa safi ao hapana. Tena muangalie maandishi ya Kifaransa kwenye boksi. Kukiandikwa "zoom optique", ni kioo chenyewe kinachovuta. Kukiandikwa "zoom numérique", ni apareyi inakata kipande cha picha na kukipanua, sawa na vile munapanua picha kwenye telefoni kwa vidole viwili. Muuzaji atajumlisha zote mbili akuambie zumu 160. Hiyo ya pili usiilipie hata franga moja.

Ile ya 125 niliyoisoma katika ombi ni Nikon P1000. Ipo kweli, ilitoka 2018, inafika milimita 3000. Marekani iliuzwa karibu dola 1,000, na uzito wake unapita kilo moja na gramu 400. Kaka yake mdogo P900, ya 2015, inafika milimita 2000, na watu wengi duniani waliinunua ili wapige picha ya mwezi. Ni vizuri kuona mashimo ya mwezi, sikatai. Lakini mwezi haujawahi kunilipa foto hata moja. Hata barafu ya Ruwenzori, ile vijana wanapenda kuvuta asubuhi kukiwa kweupe, mara nyingi inatoka kama moshi. Kati yako na mlima kuna hewa ya kilometa mingi, yenye joto na ukungu, na zumu inavuta ule ukungu pamoja na mlima.

Sasa, nani atawalipa? Ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, korali, watoto wanaopokea diploma, mechi ya mpira, na foto ndogo za pasipoti. Karibu nusu ya ile kazi inafanyika ndani ya kanisa ao ndani ya sale, na ndani hakuna mwangaza wa kutosha. Hapa njo shida kubwa ya zumu ndefu, na wauzaji hawaisemi.

Kila lensi ina mlango wa kuingiza mwangaza, na ukubwa wa ule mlango unaandikwa kwa herufi f na namba. Namba ikiwa ndogo, mlango ni mkubwa. B500 ikiwa pana iko kwenye f/3.0, lakini ukivuta mpaka mwisho mlango unafunga mpaka f/6.5. Canon SX540, yenye zumu 50, inaanza f/3.4 na inaishia pale pale, f/6.5. Mukilinganisha f/6.5 na f/2.8, mwangaza unaoingia ni karibu sehemu moja tu ya tano. Apareyi ikikosa mwangaza inafanya mambo mawili. Inaacha mlango wazi muda mrefu, na bibi arusi akigeuza kichwa anatoka na nyuso mbili. Ao inaongeza nguvu ya umeme ndani, na ngozi ya mutu inajaa vichanga kama amemwagiwa unga. Flashi yake ndogo haifiki mbali. Umesimama nyuma ya kanisa, altare iko kule mbele, flashi inaangaza tu kichwa cha mzee aliyekaa mbele yako.

Na mkono unatetemeka. Sheria ya zamani ya mafundi inasema ukivuta milimita 900, mlango usibaki wazi zaidi ya sehemu moja ya 900 ya sekunde. Apareyi za leo ziko na kitu ndani cha kutuliza mkono, kinasaidia sana. Lakini kinatuliza mkono wako wewe. Hakitulizi korali inayocheza.

Kwa hiyo mimi nikipewa dola 150, sitafuta namba 60. Nitafuta Panasonic FZ200 ya okazyo. Ni ya 2012, ni mzee, wengine watacheka. Zumu yake ni 24 tu, milimita 25 mpaka 600, na picha yake ni megapikseli 12. Lakini mlango wake unabaki f/2.8 toka mwanzo mpaka mwisho wa zumu. Ukiwa nyuma ya kanisa na milimita 600, unapata mwangaza mwingi kuliko jirani yako mwenye SX540. Milimita 600 inatosha kabisa kwa mchezaji aliye ng'ambo ya kiwanja. Megapikseli 12 inatosha kwa foto ya karatasi ya kutundika ukutani. Kuna ndugu yake FZ300, ya 2015, lensi ni ya namna ile ile na mwili wake unavumilia vumbi na manyunyu, lakini bei iko juu zaidi.

FZ200 iko pia na kitundu cha kuchungulia kwa jicho. B500 haina, SX540 haina, Sony H300 haina. Kwenye duka, ndani ya kivuli, hautaona tofauti. Nenda saa sita kiwanjani, jua likiwa juu ya kichwa: kioo cha nyuma kinakuwa cheusi, unapiga kama kipofu. Kitundu kinaondoa hiyo shida, tena apareyi ikiegemea uso wako inatulia kuliko ukiishika mikono imenyooka mbele.

Lakini sisemi wote wanne wachukue ile moja. Kuna mambo ya moto. Anayekaa Butembo ao hapa mjini atapata fasi ya kuchaji batri. Anayerudia Kamango, Mbau ao Eringeti atachaji kwa jua ao kwa kulipa mwenye kuchajisha telefoni. Batri ya FZ200 ni ya pekee yake, inataka sharjeri yake, na ikikufa Jumamosi ya ndoa hakuna duka ya kijijini itakusaidia. B500 na H300 zinatumia mapile manne ya AA, yale ya torchi. Njo faida yao kubwa. Kwa yule kijana wa Kamango ningesema B500, na mapile nane ya kuchajiwa: manne ndani, manne mfukoni. Asitumie mapile ya bei ya chini kabisa ya sokoni. Apareyi inakula moto kuliko torchi, na yale yanaanguka mbele ya padri kumaliza mahubiri. Atajua kwamba ndani ya kanisa anapaswa kusogea mbele, kuomba ruhusa na kupiga bila kuvuta sana.

Foto ya pasipoti ni neno fupi. Telefoni ikikaribia uso, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia nyuma. Rudi nyuma hatua tatu, vuta zumu kidogo tu, kama milimita 100, weka shuka nyeupe kwenye kivuli cha nyumba. Uso unatoka vile mutu alivyo. Kwa kazi hiyo apareyi zote nilizotaja zinatosha, na ni kazi inayoleta franga kila siku, si Jumamosi tu.

Kununua. Nyingi ya zile nilizotaja hazitengenezwi tena, basi ni okazyo: kwa wafanyabiashara wa Butembo wanaoenda Dubai, kwa mutu anayepita Kasindi kwenda Kampala, ao kwa ndugu aliye Ulaya. Usitoe franga mbele ya kuishika. Washa, vuta zumu mpaka mwisho na urudishe, mara kumi. Ikilia kama mchanga unasagwa, ama ikikwama, acha. Lensi ya namna hii haitoki, haiwezi kubadilishwa kama ya apareyi za wanahabari, na vumbi likishaingia ndani hautalifikia. Zumu ikitoka na kurudi inavuta hewa, na hewa ya barabara yetu wakati wa kiangazi munaijua. Piga picha ya ukuta mweupe ao ya mbingu, kisha iangalie vizuri: madoa yanayobaki fasi moja kwa kila picha ni uchafu wa ndani. Angalia lensi kwa torchi kutoka upande. Ukiona kitu kama utando wa buibui, ni kuvu. Inakuja na unyevu, na sisi tuko karibu na pori, unyevu ni mwingi. Vile vipakiti vidogo vya chumvi ya kunyonya maji vinavyotoka ndani ya boksi za viatu, musivitupe, muviweke ndani ya mfuko wa apareyi.

Nafika kwenye neno ambalo wazee wa kamati waliniomba nisilisahau, nami nilitaka kulisema hata bila kuombwa.

Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 tuko chini ya état de siège, Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kijana mwenye telefoni anapita barriere. Kijana mwenye kitu cheusi kirefu kinachotoka mbele kama mdomo, anaulizwa anapeleleza nani. Kwa hiyo: apareyi iko ndani ya mfuko njiani, imezimwa. Hakuna foto ya askari, ya barriere, ya daraja, ya msafara wa magari, wala ya uwanja wa ndege wa Mavivi, hata kama ndege ni nzuri. Hakuna kuvuta zumu upande wa kambi ili "kujaribu". Ukienda kupiga ndoa kwenye kijiji, fika kwanza kwa chefu, sema jina lako na jina la aliyekuita. Na picha za zamani uzitoe kwenye karti memwari nyuma ya kila kazi. Yule anayekusimamisha anaweza kuzifungua zote, na hautaweza kueleza kila uso.

Kuna kingine. Zumu inamfikia mutu bila yeye kujua. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wa Beni wamechinjwa, na picha za maiti zimezunguka kwa telefoni mbele hata familia haijapata habari. Wako wamama kati yetu hapa walioona wao kwa njia ile. Mimi ninaomba liandikwe katika karatasi ya mkopo: apareyi iliyonunuliwa na sanduku hili haipigi maiti, haipigi mutu anayelia kwenye matanga bila familia kukubali, haipigi mutoto bila mzazi. Na kuna watu waliorudia ambao hawataki ijulikane wako wapi. Ukiwa umesimama mbali na milimita 600, hawakuoni, hawawezi kukuambia hapana. Basi tembea uende uwaulize.

Hesabu, kisha nikae. Tuseme mkopo ni dola 150, unarudishwa kwa miezi kumi: dola 15 kila mwezi. Tuseme kila foto ya karatasi inakuachia nusu dola nyuma ya kulipa anayechapa. Ni foto 30 kwa mwezi kwa ajili ya deni tu, mbele ya kula. Hiyo inawezekana. Ukichukua ya dola 300 ni foto 60, na zumu yake ndefu haitakuletea bibi arusi wa pili.

Nimekuja na apareyi mbili, ziko pale mezani karibu na daftari ya mwandishi: FZ200 yangu, na B500 ambayo mwenzangu ameniazima mpaka kesho. Vijana wanne wazichukue sasa, wapige ndani humu, taa zikiwa hivi zilivyo, wakisimama kule mlangoni na mwenyekiti akikaa pale alipo. Kisha watoke nje kwenye jua wafanye tena. Wazee nao waangalie zile picha, mbele ya kamati kuweka sahihi.