Kufinyanga Buli la Chai kwa Mikono
(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa Shauri Moyo, Nairobi)



Jioni hii nataka kuwaeleza jinsi mtu awezavyo kujifundisha kufinyanga buli la chai kwa mikono yake, bila gurudumu wala mashine. Sisemi habari za biashara. Nasema habari za kazi ya kujiburudisha, baada ya kazi ya mshahara kwisha.

Watu wa Shauri Moyo si wageni wa kazi za mikono. Kila siku twasikia nyundo za mafundi wa bati, na tangu miaka ya 1980 mafundi hao wametengeneza majiko ya makaa yenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Lakini mwanamume akiambiwa afinyange chungu, hujibu, "Hiyo ni kazi ya wanawake." Mimi nami nilijibu hivyo. Ni kweli kwamba katika makabila mengi ya Kenya ufinyanzi ulikuwa mikononi mwa akina mama. Basi, na tuwaendee akina mama, tujifunze kwao. Bibi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Nigeria mwaka 1974 akajifunza kwa wanawake wafinyanzi, akiwamo Ladi Kwali. Leo vyombo vyake, alivyovijenga bila gurudumu, vimo katika British Museum, London.

Kwanza, udongo. Udongo mweusi wa mitaa yetu haufai, maana hunywa maji ukavimba, na ukikauka hupasuka. Tafuta udongo wa mfinyanzi, uukande sana mpaka hewa yote itoke, kisha uchanganye na vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa.

Pili, kujenga. Fanya kitako, kisha viringisha kamba za udongo uzipange moja juu ya moja, ukizilainisha ndani na nje, ukuta uwe na unene mmoja. Kabla ya kubandika mdomo wa kumiminia, toboa matundu madogo ukutani ili majani ya chai yazuiwe. Kwaruza mahali pa kuunganisha, upake uji wa udongo, ndipo ubandike. Angalia sana: ncha ya mdomo huo isiwe chini ya ukingo wa buli, la sivyo chai itamwagika kabla buli halijajaa. Kifuniko ukifanye siku ile ile, ili vyote vinywee pamoja, nacho ukitoboe tundu dogo la kuingiza hewa.

Tatu, kukausha, na hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Buli langu la kwanza nililianika juani mara moja, na siku ya tatu nikalitia motoni. Likapasuka kwa kishindo. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yaligeuka mvuke, nao ukakosa njia. Funika buli lako kwa kitambaa chenye unyevu, uliweke kivulini, na mdomo na mkono wake vikauke taratibu pamoja na tumbo. Ngoja wiki mbili, au zaidi wakati wa mvua.

Usilichome uani katikati ya nyumba zilizosongamana. Cheche moja yaweza kuwaunguza majirani. Lipeleke kwa mfinyanzi mwenye mahali pa kuchomea. Likiisha kuchomwa, lichemshie uji mwepesi, ili vitundu vyake visivyoonekana vizibwe. Tena usiliweke jikoni kuchemshia chai. Chemsha maji katika sufuria, ulitie buli maji ya vuguvugu kwanza, ndipo umimine chai.

Na buli langu lililopasuka? Mama aliyenifundisha alinikataza kulitupa. Nililitwanga, nikachanganya vigae vyake na udongo mpya. Buli la pili lilitoka motoni zima, nalo ndilo tunalonywea chai nyumbani kwangu.