Nyasi Zetu za Kivulini

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mahindi wala ng'ombe. Tunataka tuangalie pale chini ya miti, mbele ya nyumba zetu na kwenye viwanja vya mikutano, mahali ambapo hapaoti kitu. Mnapajua. Mvua ikinyesha maji yanashuka na udongo, mizizi inabaki nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na watoto wanajikwaa.

Sisi wenyewe tulianza kwa kukosea. Tulikishauri kikundi kimoja cha kina mama wapande chini ya miti yao ile nyasi itambaayo ya nyanda za juu, ambayo hata ng'ambo inaitwa kwa jina la Wakikuyu. Wakanunua magunia kwa pesa za mzunguko wao. Nyasi hiyo ni yetu kweli, lakini inataka jua. Baada ya miezi michache ikawa manjano, ikakonda, ikafa. Pesa zikaenda, na mweka hazina akatupiwa lawama iliyokuwa yetu. Ilibidi turudi tuwaombe radhi mbele ya wote.

Ni mama mmoja mzee wa pale aliyetuuliza, "Kwani huko mtoni chini ya miti hakuna nyasi?" Tukaenda naye. Tukaikuta ile ndefu yenye majani mapana, yaliyokunjwa-kunjwa kwa urefu kama jani changa la mnazi. Wataalamu huiita Setaria megaphylla. Inapenda kivuli na unyevu, na ikipigwa na upepo inapendeza kuliko maua mengi ya kununua. (Kingo za majani zinakwaruza, basi msipande njiani.) Chini kabisa, palipo na giza, kulikuwa na nyingine fupi inayotambaa, majani yenye mawimbi: Oplismenus hirtellus. Hiyo hufunika udongo vizuri, ila mbegu zake zinanata kwenye nguo. Mtavumilia.

Sasa kazi yenyewe. Ngojeni mvua ndefu, Machi au Aprili, udongo ulowe. Msing'oe shina zima, kwa sababu nyasi hiyo ndiyo inayoshika kingo za mto. Chukueni pembeni kidogo tu, kwa idhini ya mwenye shamba. Na kama ni msitu wa serikali, ulizeni kwanza ofisi ya misitu. Pasueni vipande vyenye mabua matatu au manne na mizizi yake, kateni majani yabaki kama shubiri moja, mpande siku hiyo hiyo. Zile ndefu, hatua moja kati ya shina na shina.

Chimbeni mashimo madogo kwa panga, si kwa jembe, msije mkakata mizizi ya mti. Tieni samadi iliyooza. Wala msirundike udongo kwenye shina la mti, litaoza.

Jambo ambalo watu husahau ni maji. Mti wenye majani mengi huzuia mvua nyepesi isifike chini, na mizizi yake inakunywa kwanza. Kwa hiyo hata mvua ikinyesha, tieni kidole udongoni. Ukiwa mkavu, mwagilieni, hasa miezi ile ya kwanza.

Kina mama wale walikubali kujaribu tena, safari hii bila kutoa senti. Shina zikishakuwa kubwa wameahidi kuwapasulia majirani. Anayetaka aje na gunia lililolowa.