Mtu Asiyepigiwa Saluti: Huduma ya Kiroho kwa Askari na Familia Zao Mkoani Kigoma

   

Katika magereza yetu, Bangwe hapa mjini Kigoma ikiwa mojawapo, viongozi wa dini huingia kuwaona wafungwa. Ni kazi njema na ya siku nyingi. Lakini tazameni njia wanayopita. Langoni yupo askari magereza. Anawakagua, anaandika majina yao kitabuni, anafungua, anasimama pembeni ibada ikiendelea, kisha anawatoa na kufunga. Sheikh amemwombea mwizi, padre amemuungamisha muuaji. Yule mwenye funguo hakuulizwa hata analalaje. Mhadhara huu ni wake, na wa mwenzake wa polisi na wa uhamiaji, na wa wale wanaowangoja nyumbani.

Askari wetu hupangwa popote nchini. Kijana wa Tarime au wa Tunduru humaliza mafunzo Moshi, akapanda treni ya Reli ya Kati hadi inapoishia, akaambiwa kituo chake ni Kigoma. Naona faida ya utaratibu huu: umetuepusha na polisi wa kabila. Gharama yake huonekana siku ya msiba. Mvuvi wa Katonga akizama, kabla ya jua kutua mashangazi wamekwisha kaa mikekani na wajomba wanatafuta sanda. Askari mgeni akifiwa na mtoto, alio nao ni majirani wa kota, nao wana zamu. Mkuu wake atampa ruhusa, na gari likipatikana atampa. Baada ya mazishi hubaki yeye na mkewe, na ukoo uko mwendo wa siku mbili.

Na kazi yenyewe ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika si nyepesi. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, ambacho wakati huo hakikufikika kwa gari. Makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni. Mwezi Mei kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ikawa inawachukua kama 600 kwa safari moja kuwaleta Kigoma, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Tunawataja wauguzi, tunayataja mashirika, na ni haki yao. Palikuwa pia na askari na maofisa uhamiaji, vijana waliosimamia foleni ya watu wenye kiu na kuona watoto wakibebwa wamenyamaza. Kisha ziwa lenyewe: kina chake hufika mita 1,470, na chombo kikipinduka katikati, wapo wasiopatikana kamwe. Askari ndiye anayesimama mbele ya mama na kumwambia kwamba utafutaji umesitishwa. Nani anakwenda kuketi na huyo askari jioni ile?

Tuseme ukweli kuhusu jioni ile. Mara nyingi anayeketi naye ni chupa, au ukimya ambao mkewe anaujua vizuri kuliko daktari yeyote.

Nchini Kenya na Uganda, polisi na magereza wana makasisi wao, na Uganda ina imamu wa polisi pia. Marekani makasisi wa polisi wana jumuiya yao tangu 1973. Katika mifano yote niliyoisoma, mmoja ndio ulionishika: katika Jeshi la Majini la Uingereza kasisi hana cheo. Kwa desturi yao huchukua cheo cha yule anayezungumza naye. Akiketi na baharia wa chini kabisa, wako sawa, na akiketi na admirali, wako sawa pia. Naamini hicho ndicho kitu cha kwanza tunachokihitaji Kigoma. Konstebo hawezi kumwambia mkuu wa kituo kwamba mikono inamtetemeka akishika bunduki. Kesho yake silaha itaondolewa, lindo litabadilishwa, na maelezo yataingia kwenye jalada lake. Anahitaji mtu asiyepigiwa saluti, asiyeandika taarifa, asiyekaa kwenye kikao cha kupandisha vyeo.

Mtu huyo afanye nini? Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, nao unasisitiza mambo matatu: kutazama, kusikiliza, kumuunganisha mtu na msaada. Unakataza kumshurutisha aliyeumia asimulie yaliyomkuta. Nawaomba viongozi wa dini walisikie hili, kwa kuwa sisi ni wepesi wa kuhubiri. Askari aliyetoka kuopoa maiti hahitaji aya saa ile. Anahitaji chai, nguo kavu, na mtu mtulivu. Aya zina wakati wake. Na akiwa hali wala halali majuma kwa majuma, kiongozi wa dini amsindikize Hospitali ya Maweni kwa mtaalamu, bila kuona kwamba imani imeshindwa.

Lipo jambo linalonikera katika sheria zetu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Fikirini askari aliyefikia ukingo huo: yeye ndiye mkamataji, na akisema yaliyo moyoni anaogopa kuwa mkamatwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo nchini mwao kinapingana na katiba. Nasi tukiondoe chetu.

Siri anayomtunzia askari kiongozi huyu ina mipaka, na faraja yake isiwe na upande. Oktoba 2018, huko Mpeta wilayani Uvinza, mgogoro wa ardhi na wafugaji uliishia kwa mauaji. Walikufa askari, walikufa na raia. Kiongozi wa dini anayekwenda kota kuwafariji wajane wa askari lazima aweze kuvuka na kukaa matangani kwa upande wa pili, na asione haya mbele ya yeyote kati yao. Askari akimwambia kwamba amemuua mtu asiye na hatia, kazi ya mchungaji ni kutembea naye hadi kwenye ukweli, hata ukweli huo ukimfikisha mahakamani. Akisema anakwenda kumdhuru mkewe, mchungaji hana siri ya kutunza. Anamtoa mke ndani ya nyumba kwanza. Asiyekubali masharti haya asipewe kazi hii.

Nimemtaja mke. Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa kuviziwa Kibiti. Agosti 2021 wengine 3 waliuawa Dar es Salaam mchana kweupe. Baada ya gwaride la mazishi na bendera juu ya jeneza, wageni huondoka. Majuma yanayofuata ndiyo magumu. Nyumba ni ya serikali, itahitajika. Mafao yako kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF. Panatakiwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Mahakama nayo itauliza muhtasari wa kikao cha ukoo, na ukoo uko Tarime. Shemeji anapiga simu kuuliza kuhusu fedha kabla hajauliza kuhusu watoto. Hapa sheikh anayejua mafungu ya mirathi, au mchungaji asiyechoka kukaa kwenye benchi la mahakama, anafaa kuliko hotuba kumi za rambirambi. Ningepewa kuchagua, ningeanza na wajane, kisha wenzi wa askari walio hai, ndipo askari wenyewe. Wao huamini mtu wakiona amewatunza watu wao.

Wapo watakaosema serikali yetu haina dini. Ni kweli, na Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mimi naiona ibara hiyo kuwa kinga yetu. Huduma iwe ya hiari, askari asiulizwe kwa nini hakwenda, na mji wenye misikiti kama Ujiji usiletewe padre peke yake. Misheni zilifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1870, zikaukuta Uislamu umetangulia, na tangu hapo tumezikana pamoja. BAKWATA, Jimbo Katoliki la Kigoma, Waanglikana wa Kasulu na makanisa mengine wateue watu wao, wafundishwe pamoja, na kamanda wa mkoa atoe ruhusa ya kuingia kota na vituoni. Basi.

Limebaki swali la mshahara, nalo huulizwa kila mara. Kiongozi huyu asilipwe na jeshi. Akilipwa na jeshi, konstebo atajua ni mtu wa nani, na mlango tuliotaka kuufungua utakuwa umefungwa kabla ya mwezi kuisha. Alipwe na dini yake. Zaidi ya muda wake, gharama kubwa ni nauli ya boti hadi Kagunga kaskazini na Kalya kusini, na fedha hiyo misikiti na parokia za mkoa huu zinaweza kuichangia.