Majumba ya Makumbusho ya Phoenix: Mahali Mtoto Anapojifunza Kuishi Jangwani

Jangwa linapotajwa, aghalabu fikra za mtu huelekea kwenye mchanga mtupu, misafara ya ngamia na ukimya usio na mwisho. Ni wachache wanaofikiria mji wenye wakazi zaidi ya milioni moja na nusu, barabara pana, majumba marefu na mashamba ya kumwagilia maji. Lakini hivyo ndivyo ulivyo mji wa Phoenix, makao makuu ya jimbo la Arizona huko kusini-magharibi mwa Marekani. Kwa wingi wa watu ni mji wa tano nchini humo, nao umejengwa katikati ya jangwa la Sonora, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 200.

Joto la mji huo si jambo la kufanyiwa mzaha. Katika kiangazi cha mwaka 2023, kwa siku 31 mfululizo joto lilifikia au kupindukia nyuzi 43 za Selsiasi. Mwaka huo huo, wilaya ya Maricopa, ambayo Phoenix ni sehemu yake, ilirekodi vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Katika miezi kama hiyo, uwanja wa michezo huwa hauna mtu, chuma cha bembea humwunguza anayekigusa, na mtoto hukaa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi tangu asubuhi hadi jioni, macho yakiwa kwenye televisheni au simu.

Miongoni mwa wanaokabiliwa na hali hiyo ni familia zinazozungumza Kiswahili. Tangu miaka ya 2000, Phoenix imewapokea wakimbizi kutoka Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Wapo waliozaliwa kambini, wakakulia kambini, kisha wakateremka kwenye ndege katika mji ambao hawakuwahi hata kulisikia jina lake. Kwa wazazi hao swali ni zito kuliko mahali pa kumpeleka mtoto siku ya Jumamosi. Ni vipi mtoto ataifahamu nchi hii ngeni na kuishi ndani yake, pasipo kusahau alikotoka? Sehemu ya jibu, ajabu iliyoje, imo katika majumba ya makumbusho ya mji huo.

Wengi hudhani kwamba jumba la makumbusho ni mahali pa wazee na wasomi, ambapo mtoto huambiwa kila mara asiguse kitu. Jumba la Makumbusho la Watoto la Phoenix limeipindua desturi hiyo. Lilifunguliwa mwaka 2008 ndani ya jengo la shule kongwe ya Monroe, lililojengwa mwaka 1913 katikati ya mji, na limekusudiwa watoto tangu wachanga hadi wenye umri wa miaka 10. Humo kila kitu ni cha kuguswa. Upo mnara wa kukwea unaopanda toka ghorofa moja kwenda nyingine, na upo msitu wa kubuni uliofanyizwa kwa mirija laini ya sponji inayoning'inia toka darini, watoto wakipenya katikati yake kwa vicheko. Kwa mama ambaye mwanawe amefungiwa ndani wiki nzima kwa sababu ya jua, mahali kama hapo ni faraja kubwa.

Hata hivyo, mchezo ni hatua ya kwanza tu. Mtoto akishakua kidogo, hapana budi aulizwe na yeye aulize: ni nani waliotangulia kuishi mahali hapa, tena bila viyoyozi?

Jibu lake liko karibu mno na uwanja mkubwa wa ndege wa mji huo. Hapo lipo jumba la makumbusho liitwalo S'edav Va'aki, pamoja na magofu ya kijiji cha kale. Kwa miaka mingi mahali hapo palijulikana kwa jina la Kihispania, Pueblo Grande, hadi mwaka 2023 palipopewa jina la lugha ya O'odham, kwa mashauriano na wenyeji ambao mababu zao ndio waliopajenga. Wataalamu wa mambo ya kale wamezoea kuwaita mababu hao Hohokam; wajukuu wao huwaita Huhugam.

Watu hao, kwa takriban miaka 1,000 hadi katikati ya karne ya 15, walilima mahindi, maharage, maboga na pamba katika bonde la mto Salt. Walichimba mifereji mirefu yenye kufikisha maji ya mto mashambani, umbali wa kilomita nyingi. Hawakuwa na jembe la chuma, wala mnyama wa kukokota mizigo, wala gurudumu. Walitumia vijiti vya kuchimbia, zana za mawe, na vikapu vya kubebea udongo. Mtaro ulipaswa kuteremka kwa kipimo: ukiinama mno maji hukimbia na kuzila kingo zake, ukilala mno maji husimama na mfereji hujaa matope. Walilijua hilo, na walilifanya kwa ustadi.

Baadaye vijiji vyao vilihamwa. Wataalamu hutaja mafuriko, ukame, ardhi kuingiwa na chumvi na mivutano baina ya watu, bila kukubaliana juu ya sababu moja. Lakini mifereji ilibaki. Mwaka 1867 mlowezi mmoja, Jack Swilling, aliunda kampuni ya kuchimba mifereji katika bonde hilo, na kazi hiyo ilifuata nyayo za wale wa kale. Mji uliochipuka ukaitwa Phoenix, jina la ndege wa hekaya ambaye huungua na kuinuka tena kutoka katika majivu yake. Hadi leo baadhi ya mifereji inayopeleka maji mjini humo hupita pale pale ilipopita ile ya zamani. Mtoto anayesimama juu ya ukingo wa mtaro wa kale, kisha akarudi nyumbani na kufungua bomba, huanza kuelewa kwamba maji hayo yana historia, na kwamba maji jangwani si kitu cha kuchezea.

Somo la pili hupatikana katika Bustani ya Mimea ya Jangwani, iliyofunguliwa mwaka 1939 katika eneo la Papago, lenye vilima vya mawe mekundu. Humo kuna makumi ya maelfu ya mimea, na mfalme wa yote ni saguaro, mmea wa miiba wa jamii ya mpungate ambao huweza kufikia urefu wa mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150. Saguaro hana haraka. Aghalabu hupita miaka 50 au zaidi kabla hajachipuza mkono wake wa kwanza. Mvua ikinyesha, hunywa na kuvimba, kisha hutumia akiba hiyo kidogo kidogo wakati wa dhiki. Kwa watu wa O'odham, saguaro huhesabiwa kuwa ni watu, na matunda yake huvunwa mwanzoni mwa kiangazi kwa fito ndefu.

Bustani hiyo ina njia maalumu inayoonyesha namna wenyeji walivyoitumia mimea ya jangwa kwa chakula, dawa, kamba na ujenzi. Hapo mgeni hukutana na mti uitwao mesquite, wa jamii moja na ule ambao wafugaji wa Baringo nchini Kenya huuita mathenge na kuulalamikia kwa jinsi ulivyoyavamia malisho yao. Katika jangwa la Sonora mti huo ni wa asili, na maganda yake matamu yalitwangwa kuwa unga. Mama wa Kikongo au wa Kirundi hahitaji mkalimani wa kumweleza kazi ya kutwanga. Katika shughuli hiyo, yeye ndiye mwalimu na mwanawe ndiye mwanafunzi.

Pamoja na hayo, bustani hiyo hutoa onyo. Katika joto la mwaka 2023, baadhi ya saguaro, mimea iliyoumbwa kuvumilia, iliangusha mikono yake na mingine ikaanguka yenyewe. Wataalamu wa bustani walieleza kwamba mimea hiyo huhitaji ubaridi wa usiku ili ipumue, na usiku wa mwaka huo haukuwa na ubaridi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; na hapa mkuu ni mmea usio na ulimi.

Wapenzi wasikilizaji, katika majumba yote ya mji huo, lipo moja ambalo mzazi mhamiaji hatoki humo kama alivyoingia. Hilo ni Jumba la Makumbusho la Heard, lililoanzishwa mwaka 1929 na Dwight Heard na mkewe Maie, na linalohusika na sanaa na maisha ya wenyeji wa asili wa Marekani. Familia hufurahia humo vikapu, vyungu, mapambo ya fedha na vinyago vya Wahopi. Kila mwezi Februari huandaliwa hapo mashindano makubwa ya ngoma ya pete, ambapo wachezaji, wakiwemo watoto wadogo, hucheza na pete nyingi kwa mkupuo mmoja na kuziunganisha ziwe mfano wa tai au kipepeo.

Lakini katika jumba hilo hilo kuna vyumba ambavyo vicheko hukoma. Ni maonyesho juu ya shule za bweni ambamo serikali ya Marekani iliwaweka watoto wa wenyeji, wengi wao wakiwa wamechukuliwa mbali na wazazi. Pameonyeshwa kiti cha kinyozi na nywele zilizokatwa, kwa kuwa jambo la kwanza alilotendewa mtoto lilikuwa kunyolewa. Kisha alivishwa sare, akapewa jina jipya, na akaadhibiwa akisema lugha ya mama yake. Shule moja ya namna hiyo ilikuwa Phoenix kwenyewe. Ilifunguliwa mwaka 1891 na haikufungwa hadi mwaka 1990, ingawa ukali wake ulipungua kadiri miaka ilivyopita, na wapo wanafunzi wake walioikumbuka kwa urafiki, bendi na michezo. Mnamo Oktoba mwaka 2024, Joe Biden, aliyekuwa Rais wakati huo, aliomba radhi kwa niaba ya taifa kwa ajili ya shule hizo, akiwa katika shule iliyoko kwenye ardhi ya jamii ya Gila River, kando ya mji huo.

Mbele ya kiti hicho, mzazi wa Kiswahili hana budi kuutafakari mkasa wa nyumbani kwake. Mwanawe hajakatazwa na yeyote kusema Kiswahili. Hakuna sheria wala adhabu. Na bado, mtoto huulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, na baada ya miaka michache huacha hata kuelewa akiulizwa. Wenyeji wa Arizona walinyang'anywa lugha zao kwa nguvu, na leo wanahangaika kuzirejesha kwa madarasa na kamusi. Je, mwenye lugha hai mdomoni mwake aiache ianguke kwa uvivu tu? Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.

Jawabu la furaha kidogo liko kaskazini mwa mji, katika Jumba la Makumbusho la Ala za Muziki, lililofunguliwa mwezi Aprili mwaka 2010. Humo zimekusanywa ala kutoka nchi na maeneo yapatayo 200. Mgeni huvaa vipokea sauti masikioni, na kila akikaribia sehemu ya nchi fulani, muziki wa nchi hiyo huanza kusikika, na kwenye kiwambo huonekana wenyewe wakipiga. Katika ukumbi wa Afrika, mtoto aliyezaliwa Arizona husimama mbele ya ngoma na marimba za huko walikotoka wazee wake, na kuzikuta zimewekwa chini ya paa moja na piano na fidla za Ulaya. Humwona baba yake akitikisa kichwa, akitabasamu, akianza kusimulia. Mbele kidogo kuna chumba ambamo watoto huruhusiwa kuzipiga ala wenyewe.

Ni kweli kwamba kiingilio cha majumba hayo si haba kwa familia yenye watoto watano na mshahara wa kima cha chini. Lakini milango ipo. Tangu mwaka 2014, mpango wa nchi nzima uitwao Museums for All huziwezesha familia zinazopata msaada wa serikali wa chakula kuingia bure au kwa dola zisizozidi tatu kwa mtu, katika majumba yanayoshiriki. Inatosha kuonyesha kadi ya msaada huo pamoja na kitambulisho. Maktaba za umma nazo hazimtozi mtu kitu, na ni vyema kuwauliza wahudumu wake juu ya pasi za kuazima. Aghalabu kinachomzuia mzazi ni kutojua, au kuona haya kuuliza.

Basi mtoto wa Phoenix akijua maji yake yalichimbiwa njia na nani, saguaro anaishi vipi, lugha hupotea namna gani na ngoma ya babu yake inalia vipi, jangwa halitakuwa tena mahali alipotupwa na majaaliwa. Litakuwa kwao. Na mzazi aliyemshika mkono siku hiyo atakuwa amemwachia urithi ambao hakuna joto la kiangazi liwezalo kuunyausha.